Hatua Tano za Mama Neema

Yaya Josée, dada yangu,

Nimekaa kwenye kiti chako. Usikasirike: changu kimevunjika mguu, na Mzee mwenye nyumba amesema atakitengeneza kesho, na kesho yake unaijua. Ni mchana, mvua imekatika, na kutoka hapa Gihundwe nasikia watoto wa shule wakipiga kelele njiani kama kawaida. Nakuandikia kwa sababu nina habari moja ambayo hakuna mtu mwingine atakayeicheka vizuri. Nimejaribu kuisimulia ofisini, wakacheka mahali pasipostahili.

Kwanza ya nyumbani. Mama ameanza kula tena. Jumapili alivaa kitenge chako cha samaki, na waliomsifia kanisani aliwajibu, "Kiko cha Josée, nimekiazima tu." Mgomba wako wa nyuma ya jiko umezaa mkungu mkubwa hadi tumeuegemeza kwa mti. Kompyuta yako kule darasani bado inakohoa ikiwashwa. Naipiga ubavuni kama ulivyonionyesha, halafu naiomba radhi.

Na darasa lako la kompyuta lipo. Hiyo ndiyo habari yenyewe, lakini ngoja niianze mwanzo, maana mimi nikirukaruka napotea.

Wiki ile ya msiba niliandika "Darasa limefungwa" na kuibandika karatasi hiyo kwenye mlango wa kile chumba cha nyuma ya kanisa. Sikuwa na ujasiri wa kufanya vingine. Mimi ni karani. Kazi yangu ni kuandika magunia ya mpunga yanayopanda kutoka Bugarama, na gunia haliinuki likakuuliza swali. Siku ya somo nikapita pale kufunika tu kompyuta kwa kitambaa. Nikakuta mlango wazi, wanafunzi wako wamekaa, na Mama Neema anajipepea kwa karatasi yangu.

Mama Neema yule wa Bukavu, anayevuka daraja la mpakani asubuhi kuja kununua mchele na kurudi nao jioni. Yule aliyekuwa akiiambia kompyuta "jambo" kabla hajakaa. Aliniangalia kuanzia viatu hadi kichwa.

"Mwalimu mukubwa amekufa, tunalia," akasema. "Lakini kompyuta haikufa. Weye ulikuwa unakaa karibu yake. Ingia, funga mulango, upepo iko naingia."

Nikaingia. Yaya, nilishika meza kwa mikono miwili kama mtu aliye kwenye mtumbwi. Sikuwa na mfano hata mmoja wa kwangu, kwa hiyo nikachukua wako. Nikawaambia kisa cha uji.

Najua unakijua, wewe ndiwe uliyekipika kikawa somo. Lakini nataka kukisema tena, kwa sababu bila kisa hicho nisingekuwa hapa nakuandikia nikiwa na furaha. Uani petu kuna nyumba nne, na ukisema "Mzee" popote uani, ni mmoja tu: mwenye nyumba. Halafu akaja babu yake jirani yetu Maman Odette kutoka Bweyeye, amekata njia ya msituni kwa miguu hadi nyayo zimevimba. Ndani ya nyumba ya Maman Odette, babu huyo ndiye akawa Mzee. Siku moja Maman Odette akiwa jikoni kwake akasema, "Mumupelekee Mzee uji." Yeye alimkusudia mwenye nyumba, aliyekuwa na homa na ameahidiwa uji tangu asubuhi. Uji ukaenda kwa babu. Babu akamaliza bakuli, akambariki kila mtu, akalala. Mwenye nyumba yuko nje, amejifunika blanketi, anauliza ukuta: "Huu uji unatoka Kigali?"

Na wewe ukaja darasani siku hiyo ukicheka hadi machozi, ukasema programu ni kama uani petu. Kuna jina lililoandikwa nje, ambalo nyumba zote zinalijua. Na kuna jina lililozaliwa ndani ya nyumba moja. Yakifanana, ndani ya nyumba ile linasikiwa la ndani. "La nje," ulisema, "linangoja barazani na blanketi lake."

Walicheka kama walivyocheka kwako. Nikaachia meza mkono mmoja.

Kisha nikawapa zoezi lako la kusogeza herufi. Unaandika sentensi, na programu inachukua kila herufi na kuisogeza mbele kwa hatua ulizochagua. Kwa hatua tatu, A inakaa mahali pa D, B mahali pa E. Niliwaeleza kwa benchi la hospitali, kama wewe: mtu akisema "sogea," wote wanasogea, na Z aliyefika ukingoni haanguki, anazunguka na kukaa mwanzo. Mwuguzi aliyekaa mbele akauliza kwa nini wao hospitalini hawana benchi la namna hiyo. Nilifurahi kuulizwa.

Nje ya nyumba zote niliandika jina moja, hatua, nikaliwekea namba tatu. Ndani, kila mmoja ajenge nyumba yake ya kusogeza, yaani kipande chake cha programu, na aweke sentensi anayoitaka mwenyewe. Tukachapisha kwa ile mashine inayolia kama msumeno, kwenye zile karatasi pana zenye mistari ya kijani na matundu pembeni. Kila mtu akachukua yake. Mama Neema aliikunja ya kwake akaifunga kwenye ncha ya kitenge. Alitaka binti yake mkubwa aumize kichwa kuisoma.

Hapo ndipo nilipokosa akili. Wala sikufikiri karatasi ile ingevuka nini.

Unaijua miaka hii, ingawa umetuachia tuimalize peke yetu. Daraja linafungwa na kufunguliwa kama jicho la mgonjwa. Wiki hiyo tulikuwa tumesikia milio ya bunduki ng'ambo, na kila mzigo ulikuwa ukifunguliwa. Siku hizi karatasi yenye majina tu inaweza kumponza mtu, sembuse karatasi isiyosomeka, iliyochapishwa kwa mashine, yenye matundu pembeni kama za ofisi kubwa.

Nilikuwa bado nafunika kompyuta mama mmoja muuza nyanya alipoingia akihema. "Mwalimu! Mama Neema bamemukalisha ku daraja. Banasema karatasi yake ni siri ya banajeshi. Bamemuuliza imeandikwa nini, anakatala kusema. Anasema tu, 'Muniitie mwalimu wangu.'"

Nilitafuta nyuma yangu, Yaya. Nilidhani anakuita wewe.

Nilianza kumwambia nitakwenda kesho na barua ya ofisi yenye mhuri. Nilikuwa hata nimeanza kutunga sentensi ya kwanza ya barua hiyo kichwani. Kisha nikakumbuka ulivyokuwa ukinicheka tangu tulipokuwa wadogo kule Uvira, nikisimama mbele ya mtaro mguu juu, nikiupima upana. "Kinyonga," ulikuwa unasema, "mguu umeshauinua. Si uuweke chini." Nikauweka chini. Halafu mwingine. Muuza nyanya alikuwa mbele, na mimi nyuma nikiteremka ile barabara ya darajani kwa magoti yasiyoelewana.

Pale kwenye kituo cha mpakani kulikuwa na benchi moja refu, na wafanyabiashara wamebanana juu yake na makapu yao, wakingoja. Mama Neema alikuwa katikati. Kando yake alikaa kibibi mwembamba mwenye kitambaa cheupe kichwani. Nilipomsalimia nikaanza kukisia kwa nini Mama Neema alikuwa amefunga mdomo. Kibibi huyo alikuwa mama mkwe wake, amekuja upande wetu kutibiwa jicho, na sasa walikuwa wakirudi pamoja.

Afande wa zamu alikuwa kwenye meza. Si mtu mbaya, sitamsingizia. Alikuwa amechoka, na chai yake ilikuwa imepoa.

"Wewe ndiye mwalimu?"

Nikasema ndiyo. Mbu angesema kwa sauti zaidi.

Akanigeuzia karatasi. Juu kabisa palikuwa pameandikwa RZRJ BFSLZ FSFPTWTRF, na chini yake maneno mengine ya namna hiyo. "Mimi nimesoma," akasema taratibu. "Hii si Kifaransa. Si Kiingereza. Si Kinyarwanda. Na mama huyu anasema anajua imeandikwa nini lakini hawezi kusema. Mtu anayejua na hataki kusema, nimwite nani?"

Nikamwambia ni somo. Nikamweleza benchi, na kusogea, na Z. Nikasema kila herufi imekwenda mbele hatua tatu, tukiirudisha nyuma hatua tatu maneno yatatoka yenyewe. Akanipa kalamu. Nikarudisha. R ikawa O. Z ikawa W. Mkono wangu ulitangulia kujua kabla ya kichwa, ukapunguza mwendo. Nilipomaliza maneno mawili palikuwa na OWOG YCPIW.

Afande akaisoma, akaniangalia.

"Na hii nayo ni lugha ya wapi?"

"Iko Kichina," mtu akasema kwenye benchi.

"Nyamaza, weye! Unataka tulale hapa?"

Yaya, nikuambie nilivyokuwa? Niliona jinsi karatasi ile itakavyobebwa kwenda mezani kwa mkubwa, na kutoka hapo kwa mkubwa wake. Nilimwona Mama Neema akilala pale, watoto wake ng'ambo wakingoja mchele. Nilikuona wewe pia. Ulikuwa umelala kitandani siku zile za mwisho, homa imekupanda, ukaniuliza kama nimezima kompyuta. Nikataka kukaa chini. Na sijui kwa nini, katikati ya hofu hiyo yote nikamwona Mzee mwenye nyumba, barazani, na blanketi lake, akisubiri uji ulioingia ndani.

Nikamgeukia Mama Neema. "Maman, ulipojenga nyumba yako ya kusogeza, ndani yake uliandika tena hatua?"

"Eh, niliandika," akasema, kana kwamba nimemuuliza kama alivaa viatu. "Si kila nyumba iko na yake? Yako ya inje ni tatu. Yangu ya ndani ni tano. Batoto yangu ni batano."

Nilicheka. Mbele ya Afande, pale pale, nilicheka. Tatu yangu ilikuwa barazani imejifunika blanketi, na ndani tano inakunywa uji.

"Afande," nikasema, na sauti ilikuwa ya mtu, "si tatu. Ni tano."

"Asubuhi itakuwa saba," akasema. "Nionyeshe nione kwa macho."

Basi nikafanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya hata darasani. Nikawaomba watu wa kwenye benchi wakae vizuri, nikawapa sita kati yao herufi: mama mkwe akawa M, kwa sababu nilianzia kwake, kisha N, O, P, Q, na muuza nyanya, aliyejibana mwishoni, akawa R. "R, rudi nyuma hatua tano." Akaondoka na kapu lake, akapita mbele ya magoti ya wenzake, wakawa wanamhesabia kwa sauti, moja, mbili, wengine wanamvuta kitenge ili akosee, na kwenye tano akaangukia mapajani mwa mama mkwe.

"M!" wakapiga kelele wote.

"Toka, weye ni muzito," akasema mama mkwe.

Afande akaandika M. Alikuwa amesimama sasa. Akarudisha Z, ikawa U. R tena, M. J, ikawa E. Akasoma kwa midomo tu, kisha akaenda neno la pili, akasimama. "Na B? Nyuma ya B kuna A. Nyuma ya A kuna ukuta."

"Anazunguka, Afande. Benchi ni la duara."

Akahesabu kwa vidole: A, Z, Y, X, W. Akatoa sauti kama mtu aliyeonja kitu akakuta kina sukari. Baada ya hapo sikuwa na kazi tena. Alivuta kiti, akasukuma chai pembeni, na kila herufi akaifuata mwenyewe. Mama Neema alianza kujifunika kitenge usoni polepole.

"Afande, imetosha. Umeona ni masomo."

"Bado."

"Afande, kwa heshima ya huyu mama ya hapa karibu yangu."

"Nimesema bado."

Kisha akaisoma yote, kwa sauti, neno moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza mbele ya mkaguzi: "Mume wangu anakoroma kama mashine ya Bugarama."

Kila aliyepita karibu na kinu cha mpunga cha Bugarama anaijua sauti ile, na wote wakageuka taratibu kumtazama mama mkwe. Mama Neema alikuwa kitenge kitupu, uso haukuonekana. Kwao mtu hamsemi mume mbele ya mama aliyemzaa. Afadhali alale kituoni, na kweli alikuwa tayari kulala.

Kibibi alinyoosha kitambaa chake kichwani. "Ule?" akasema. "Ule ni kamashine kadogo. Baba yake njo alikuwa mashine mukubwa. Miye nilikaa na ile mupaka Mungu akaizima."

Yaya, benchi lilianguka. Sisemi kwa mfano. Lilikuwa na mguu mbovu, wakacheka wote upande mmoja, likaanguka, nyanya zikatawanyika hadi chini ya meza ya Afande, na yeye mwenyewe akainama kuziokota ili tusimwone usoni. Alipoinuka alikuwa na nyanya mbili mkononi na macho yaliyolowa.

Alimrudishia Mama Neema karatasi. Akajaribu kuwa mkali. "Mwalimu, karatasi za somo zibaki darasani. Ya ndani yakae ndani. Leo umenikuta mimi."

Nikasema nimesikia. Nimeshika agizo hilo, hakuna karatasi inayotoka tena. Nilikuwa nimeshafika mlangoni aliponiita, kwa sauti ndogo. "Hizo hatua, mtu anachagua mwenyewe?"

"Anachagua mwenyewe, Afande."

Wakavuka kabla giza halijaingia. Mama mkwe alimshika Mama Neema mkono, na hadi katikati ya daraja niliona mabega yao yakitikisika.

Darasa lililofuata Mama Neema alikuja na kipande cha karatasi ya sigara. Afande amemwambia anipe, hatua mbili. Tukakirudisha nyuma wote pamoja, wao wakitaja, mimi nikiandika ubaoni. Kilisema: "Mwalimu, magoti yako yalitaka kuvuka daraja peke yao." Wamecheka hadi leo. Nimekibakiza ubaoni. Ya ndani yakae ndani.

Mama Neema amerekebisha programu yake. Amelifuta jina la ndani, sasa nyumba yake inatumia tatu ya nje kama wengine. Lakini aliniuliza kwa huzuni kidogo kama batoto batano wanaruhusiwa kubaki mahali popote. Nikamwambia awaandike kwa jina lao wenyewe, lisilofanana na la mtu. Akawaandika.

Kuna jambo moja, Yaya, halafu nikuache upumzike. Siku ile ya somo la nyumba ulisema nyumba ikimaliza kazi yake, majina yake ya ndani yanakufa. Mimi niliyekuwa nimekaa pembeni yako nikauliza yanakwenda wapi. Ulicheka ukasema, "Kinyonga, sijui yanakwenda wapi. Najua tu herufi yalizozisogeza zinabaki zimesogea." Wakati ule niliona hujajibu swali. Siku ile darajani, nikipanda barabara kurudi nyumbani, niligundua nimefika Kamembe mjini bila kusimama hata mara moja kupima mguu. Nilikuwa nimesogezwa.

Naogopa bado. Juzi aliingia ofisini mtu mwenye buti nikaangusha kalamu. Lakini meza ya darasani siishiki tena kwa mikono miwili. Nashika kwa mmoja, na Alhamisi nataka kujaribu bila. Nakuahidi hilo, na nakuahidi darasa halitafungwa nikiwa na sauti, hata ya mbu. Wameshauliza somo linalofuata. Kibibi naye ametuma salamu kwamba jicho likipona atakuja kuona hiyo mashine isiyokoroma. Sijamwambia kwamba inakohoa.

Kaa vizuri huko uliko, Yaya wangu. Siku yangu ikifika nitakuja, na wewe utasogea kidogo, kama ulivyokuwa ukisogea unipishe kwenye benchi la kanisa nikichelewa. Lakini usisogee sasa. Nina darasa.

Mdogo wako,
Kinyonga